Dentons: kabine ya mawakili iliyokua kwa kuunganisha majina, na maswali yanayoigusa Congo

Mwezi wa nane mwaka 2023, kabine ya mawakili Dentons ilitangaza kwamba inaachana na Dacheng, kabine ya Beijing iliyokuwa imeungana nayo tangu mwaka 2015. Kwa tangazo hilo, kabine iliyokuwa ikijivuna kuwa kubwa kuliko zote ulimwenguni kwa idadi ya mawakili ilipoteza maelfu ya watu kwa mara moja. Mawakili wa Beijing na Shanghai waliendelea na kazi zao, na wateja wao wale wale. Kilichoondoka ni jina.

Sababu iliyotolewa ilikuwa sheria mpya za China juu ya ulinzi wa data, usalama wa mitandao, mwendo wa mitaji na uongozi wa makampuni. Sheria hizo zimekaza namna habari za wateja wa China zinavyoweza kuvuka mpaka. Kabine yenye biro katika inchi kadhaa kadhaa, ambayo kazi yake ni kupitisha faili kutoka biro moja hadi nyingine, haikuweza kuendelea kama zamani.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Lubumbashi, neno kabine linaleta picha ingine kabisa. Ni avoka mmoja mwenye jina, ambaye watu wanamwita mkubwa, mawakili wawili watatu walio kwenye mafunzo ya kazi, sekretere, kabati la faili na kibao barabarani. Mkubwa akifariki ao akiingia siasa, mara nyingi kabine inakufa naye. Sasa namna gani kabine moja inafikia kuwa na mawakili zaidi ya 10,000, halafu inapoteza sehemu kubwa yao bila mtu kufukuzwa? Jibu liko katika historia ya miungano iliyoijenga, na katika karatasi za kisheria zilizotumiwa kufunga miungano hiyo.

Kutoka Gray's Inn hadi mwaka 2000

Jina Denton linatoka London. Mwishoni mwa karne ya 18, wakili mwenye jina hilo alikuwa akifanya kazi Gray's Inn, moja ya makao ya zamani ya wanasheria wa muji ule. Kwa muda mrefu kabine yake ilikua polepole, kama kabine zote za Uingereza. Sheria yenyewe haikuruhusu haraka: ushirika wa kibiashara haukuweza kuwa na washirika zaidi ya 20, na ni mwaka 1967 ndipo mawakili wa Uingereza waliondolewa kikomo hicho. Mtu anayeshangaa kwa nini kabine kubwa zote za London zilianza kuvimba baada ya miaka ya 1960 anaweza kuanzia pale. Watu hawakuwa wamekosa tamaa kabla ya hapo. Walikuwa wamefungwa na sheria.

Kabine hiyo, iliyokuja kuitwa Denton Hall, ilijulikana kwa kazi za nishati na kwa kazi za filamu na vyombo vya habari. Jirani yake Wilde Sapte, nayo ya London, ilikuwa kabine ya mabenki. Mwaka 1998, Wilde Sapte ilikuwa karibu kuungana na Arthur Andersen, kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, lakini mazungumzo yakavunjika. Miaka minne kisha, Andersen ilianguka pamoja na kashfa ya Enron kule Marekani. Wakati huo Wilde Sapte ilikuwa imekwisha kuolewa kwingine: mwaka 2000 iliungana na Denton Hall, wakawa Denton Wilde Sapte.

Muungano huo ulikuwa wa kawaida, wa aina ambayo watu wa biashara wanaelewa bila maelezo. Mmoja ana wateja wa mafuta na gesi, mwengine ana wateja wa benki, na mradi wa mafuta hauendi bila mkopo wa benki. Mteja mmoja aliyekuwa analipa bili mbili katika majengo mawili, sasa analipa bili moja. Denton Wilde Sapte ilikuwa pia na macho yake Afrika: kule Dar es Salaam, kabine Mkono & Co ilifanya kazi kwa ushirika nayo kwa miaka mingi.

Lakini kufikia mwaka 2008, mzozo wa kifedha ulipopiga London na New York, kabine za katikati zilijikuta pabaya. Kazi za kununua na kuuza makampuni zilipungua sana. Wateja wakubwa walianza kupunguza idadi ya kabine wanazolipa: badala ya kabine moja kwa kila inchi, walitaka chache zinazofika kila pahali. Kabine isiyo kubwa sana na isiyo ndogo sana ilibaki na njia mbili, kujifunga katika kazi moja inayoijua kuliko wengine, ao kutafuta wa kuungana naye.

Shirika la aina ya FIFA

Denton Wilde Sapte ilimpata mwenzake Chicago. Sonnenschein Nath & Rosenthal ilikuwa kabine ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1906, na mmoja wa washirika wake alikuwa Joe Andrew, aliyewahi kuongoza kamati ya kitaifa ya chama cha Democrat. Mwezi wa tisa mwaka 2010 kabine hizo mbili zikawa SNR Denton. Joe Andrew akawa mwenyekiti, na mwenzake Elliott Portnoy akawa mkurugenzi mkuu. Watu hawa wawili ndio waliosukuma karibu kila muungano uliofuata.

Hapa ndipo penye jambo ambalo habari nyingi juu ya kabine hizi zinaliruka, na ambalo linaeleza karibu kila kitu. Waamerika na Waingereza hawakuchanganya mifuko yao. Kuchanganya faida ni kazi ngumu: kodi ni tofauti, kanuni za baro ni tofauti, na mshirika wa Chicago anayeingiza pesa nyingi hataki kugawana na yule wa London aliyekuwa na mwaka mbaya. Kwa hiyo walichagua aina ya shirika ambalo sheria ya Uswisi inaliita kwa Kijerumani Verein. Ni shirika linaloandikwa chini ya vifungu vya 60 na vinavyofuata vya kitabu cha sheria za kiraia cha inchi ile, kilichofikiria kwanza vilabu, kwaya na vyama vya wapenda milima. FIFA nayo ni shirika la aina hiyo.

Mpenzi wa mpira anaweza kuelewa haraka. FECOFA ni mwanachama wa FIFA, inafuata kanuni za FIFA, inavaa nembo yake, lakini sanduku la FECOFA si sanduku la FIFA, na deni la FECOFA haliwezi kudaiwa Zurich. Kabine za mawakili zilifanya vilevile. Jina moja, alama moja, tovuti moja, mkutano mmoja wa viongozi, lakini kila inchi na hesabu yake, faida yake na madeni yake. Dentons haikuwa ya kwanza. Baker McKenzie na DLA Piper walikuwa wamepita njia hiyo miaka michache mbele yake.

Faida ya mpango huo ni mwendo. Muungano wa kweli wa kabine mbili kubwa unaweza kuchukua miaka ya majadiliano juu ya nani atalipwa ngapi. Muungano wa jina unaweza kufungwa kwa miezi. Na Dentons ilionyesha mwendo huo.

Mwezi wa tatu mwaka 2013, SNR Denton iliungana kwa siku moja na kabine mbili. Ya kwanza ilikuwa Salans, iliyozaliwa Paris mwaka 1978 na yenye nguvu katika inchi za Ulaya ya mashariki, Urusi na Kazakhstan. Ya pili ilikuwa Fraser Milner Casgrain ya Kanada, ambayo yenyewe ilikuwa tayari mtoto wa miungano kati ya kabine za Toronto, za jimbo la Alberta na za Montreal. Hapo jina likafupishwa kuwa Dentons, na idadi ikapita mawakili 2,500 katika inchi zaidi ya 50. Viongozi walisisitiza kwamba kabine mpya haina makao makuu. Hakuna muji mmoja unaotoa amri, walisema, si London, si Washington.

Halafu ukaja mwaka 2015. Mwezi wa kwanza ulitangazwa muungano na Dacheng, iliyokuwa na mawakili karibu 4,000 kote China. Idadi ya pamoja ikapita 6,500, na Baker & McKenzie, iliyokuwa ikiongoza, ikashushwa nafasi ya pili. Mwezi wa saba mwaka uleule ikaingia McKenna Long & Aldridge ya Marekani, yenye mizizi Atlanta, kabine ambayo mwaka 2013 ilikuwa imeshakaribia kuingia na ikarudi nyuma. Baadaye wakafuata Rodyk & Davidson ya Singapore, iliyoanza kazi mwaka 1861, kabine za Australia, Mexico na Colombia, halafu mwaka 2017 Maclay Murray & Spens ya Scotland. Mwaka 2020 zikaingia kabine za miji ya katikati ya Marekani, kama Bingham Greenebaum Doll ya Indianapolis na Louisville, na Cohen & Grigsby ya Pittsburgh. Kufikia wakati huo, Dentons ilikuwa inahesabu mawakili zaidi ya 10,000.

Inafaa kusema wazi kwamba hesabu ya vichwa si hesabu ya pesa. Kuna kabine za New York zenye mawakili mia chache tu ambazo kila mshirika wake anaingiza faida ambayo mshirika wa kawaida wa Dentons hawezi kuikaribia. Kabine hizo hazikuungana na mtu. Zilikataa, na zikatajirika. Kwa hiyo neno "kubwa kuliko zote" lililoandikwa kwenye magazeti mwaka 2015 lilikuwa kweli kwa kipimo kimoja tu, kile ambacho Dentons yenyewe ilipenda kukitaja.

Kesi ya jeans

Mpango wa jina moja na masanduku mengi ulipata mtihani wake kwa njia isiyotazamiwa, kupitia suruali za jeans.

Kampuni moja ya jimbo la Ohio inayoitwa RevoLaze ilikuwa imevumbua namna ya kutumia mionzi ya leza kuipa jeans mpya sura ya jeans iliyochakaa, ile ambayo vijana wanaipenda. Mwaka 2014, ikisaidiwa na Dentons ya Marekani, ilifungua mashtaka dhidi ya makampuni kadhaa ya nguo mbele ya tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani, ikidai yametumia uvumbuzi wake bila ruhusa. Moja ya makampuni hayo ilikuwa Gap, yenye maduka ulimwenguni pote.

Shida ilikuwa kwamba Gap ilikuwa mteja wa Dentons ya Kanada.

Gap ililalamika. Dentons ya Marekani ikajibu kwamba Dentons ya Kanada ni kabine ingine: hesabu ingine, faida ingine, mawakili wengine, na faili za Toronto hazisomwi Washington. Huo ndio ulikuwa moyo wa mpango wa Uswisi. Lakini mwaka 2015 jaji wa tume hiyo hakukubali. Kabine inayojitangaza kwa wateja kama kitu kimoja haiwezi kujigawanya siku ya kuulizwa juu ya mgongano wa masilahi. Dentons ikaondolewa kwenye kesi, na RevoLaze ikabaki inatafuta mawakili wengine katikati ya vita.

RevoLaze iliishtaki Dentons ya Marekani kwa kutoionya juu ya hatari hiyo. Mwaka 2020, baraza la wananchi mahakamani Cleveland liliamua kwamba kabine inapaswa kulipa dola za Marekani milioni 32.3. Mwaka 2022, mahakama ya rufaa ya Ohio ilithibitisha uamuzi huo.

Kesi hiyo ina uzito kuliko tangazo lolote la muungano. Inasema kwamba jina lina deni lake. Anayepata wateja kwa kuonyesha ramani ya dunia yenye biro zake zote hawezi kusema kisha kwamba ramani ile ilikuwa ya mapambo. Pia inaonyesha mahali ambapo ukubwa unageuka kuwa shida: kadiri kabine inavyomeza zingine, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba adui wa mteja wa leo ni mteja wa jana wa biro ya mbali. Kila muungano huleta wateja wapya, lakini pia huleta orodha ndefu ya watu ambao kabine haiwezi tena kuwashtaki.

Historia ya jirani inaonyesha pia kwamba ukubwa si kinga. Mwaka 2007, kabine mbili za New York zenye sifa, Dewey Ballantine na LeBoeuf Lamb, ziliungana. Ziliwaahidi washirika wengi malipo makubwa yasiyotegemea kazi ya mwaka. Mzozo wa 2008 ulipofika, ahadi zilizidi mapato, washirika wakaanza kutoroka na wateja wao, na mwezi wa tano mwaka 2012 Dewey & LeBoeuf iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kwa kabine ya mawakili ya Marekani, haikuwa imeonekana anguko kubwa kama lile. Mali ya kabine inashuka na lifti kila jioni kwenda nyumbani. Ikikataa kurudi asubuhi, kinachobaki ni viti na kodi ya nyumba.

Upande huo, mpango wa Dentons ulifaa. Urusi ilipovamia Ukraine mwaka 2022, biro za Moscow na Saint-Pétersbourg zilitengwa mwezi wa tatu zikawa kabine ya pekee. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Dacheng. Kilichofungwa kwa kamba nyepesi kilifunguliwa bila kurarua nguo nzima. Anayetaka kusifu atasema ni akili. Anayetaka kukosoa atauliza kama muungano unaofunguliwa hivyo uliwahi kuwa muungano.

Nairobi, Kampala, Dar es Salaam

Afrika ya mashariki imeingia katika historia hii polepole, na kwa namna inayostahili kutazamwa kwa makini na wafanyabiashara wa Kivu na Ituri, ambao bidhaa zao zinapita Mombasa na Dar es Salaam.

Kule Nairobi, Hamilton Harrison & Mathews ni moja ya kabine za zamani kabisa za Kenya. Ilianza mwaka 1902, wakati reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika tu Ziwa Victoria. Leo inaitwa Dentons Hamilton Harrison & Mathews. Kampala kuna kabine inayobeba jina hilo, na Dar es Salaam vilevile. Mawakili ni Wakenya, Waganda na Watanzania, wameandikwa katika baro za kwao, na sheria za inchi zao ndizo zinazowaongoza. Jina ndilo linalotoka mbali.

Kwa tajiri wa Butembo ambaye kontena yake imezuiliwa bandarini, mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kama jambo la mbali. Si mbali sana. Kampuni ya meli, kampuni ya bima na benki iliyotoa barua ya dhamana, zote zinaweza kuwa wateja wa kabine ileile katika inchi tatu tofauti. Kesi ya jeans inaonyesha kwamba swali "nani mwengine ni mteja wenu, na wapi?" ni swali halali, ambalo mteja ana haki ya kuliuliza kabla ya kulipa pesa ya kwanza.

Na Congo?

Soko la Congo limebaki nje kidogo ya mchezo huu, kwa sababu ya sheria zaidi ya umaskini. Sheria ya tarehe 28 mwezi wa tisa 1979 ndiyo inayopanga kazi ya uavoka. Inataka avoka awe raia wa Congo, na mgeni anakubaliwa tu ikiwa inchi yake inawapa Wacongo haki ileile. Baro zimefungwa kwenye mahakama za rufaa: Goma ina yake, Bukavu yake, Kisangani na Lubumbashi vilevile. Kabine ya kigeni inayotaka kufanya kazi hapo inapaswa kupita kwa Mcongo, kwa njia ya ushirika ao ya urafiki wa kikazi. Kwa mawakili wengi wa mashariki hiyo ni ngao. Kwa wengine ni ukuta unaowazuia kukua.

Mlango mmoja ulifunguka mwaka 2012. Tarehe 12 mwezi wa tisa mwaka huo, mkataba wa OHADA ulianza kutumika katika Jamuhuri ya kidemokrasia ya Congo. Sheria za makampuni, za dhamana za mikopo na za kudai madeni zikawa sawa na zile za inchi zingine 16, na mahakama ya mwisho ya mambo hayo iko Abidjan. Kwa kabine kubwa hiyo ni habari njema, maana wakili wa Paris ao Abidjan aliyejifunza sheria hizo mara moja anaweza kuzitumia Douala, Dakar na Kinshasa.

Kuna pia kesi moja ambayo haizungumzwi sana na ambayo iligusa swali lenyewe la kabine ni kitu gani. Mwezi wa tatu 1999, katikati ya vita, askari waliifunga kabine ya mwanasheria mmoja Mmarekani Kinshasa, wakachukua karatasi zake, na mawakili wawili wakatiwa gerezani kwa miezi. Yule Mmarekani aliishtaki Congo mbele ya kituo cha usuluhishi wa uwekezaji kilicho chini ya Benki ya dunia, Washington. Mwaka 2004 alishinda: dola 750,000 na riba. Lakini mwezi wa kumi na moja 2006 kamati ingine ilifuta uamuzi huo. Haikuona katika uamuzi ule maelezo ya kutosha kwamba kabine ya mawakili ya aina ile ni uwekezaji unaochangia maendeleo ya inchi. Mgodi ni uwekezaji, kiwanda cha bia vilevile. Kabine yenye meza na faili ilibaki na alama ya kuuliza.

Congo ilifurahi kushinda. Lakini hoja hiyo ingekuwa na sura gani leo mbele ya kabine yenye maelfu ya mawakili, inayoandika mikataba ya migodi yenyewe? Hakuna mkataba mkubwa wa shaba, kobalti ao koltani unaofungwa bila wao. Upande wa kampuni, kwenye meza ya mazungumzo, mara nyingi wanakaa watu wa kodi, wa mazingira, wa benki na wa usuluhishi, kila mmoja na biro yake katika muji tofauti. Upande wa serkali, wanaoitwa ni wachache, na muda ni mfupi.

Hata hivyo, ukubwa peke yake hauamui. Katika kesi ya Congo na Uganda mbele ya Mahakama ya kimataifa ya haki huko La Haye, Uganda ilikuwa na Paul Reichler wa kabine ya Marekani Foley Hoag. Congo ilikuwa na maprofesa wa sheria, kati yao wale wa Chuo kikuu cha Bruxelles. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2005, Congo ilishinda juu ya jambo lenyewe: Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza askari na kukalia Ituri. Ilipofika hesabu ya fidia, mambo yakawa mengine. Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, mahakama ilitoa milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Majaji walirudia mara nyingi kwamba ushahidi ulikuwa pungufu. Kukusanya ushahidi wa vijiji vilivyochomwa miaka ya 1998 hadi 2003, kijiji kwa kijiji, ni kazi inayotaka watu wengi na pesa nyingi kwa miaka mingi, na hiyo ni kazi ambayo profesa mmoja mwenye akili hawezi kuifanya peke yake. Wahanga wa Kisangani na Ituri wanaofuata faili zao kwenye FRIVAO wanajua tofauti ya kushinda kesi na kulipwa.

Katika mashtaka yaliyofunguliwa mwezi wa kumi na mbili 2024 Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple, juu ya madini yanayotoka mashariki mwa Congo, Kinshasa ilichagua tena mawakili wa kabine ndogo zinazojulikana kwa kesi za haki za binadamu: Robert Amsterdam, William Bourdon wa Paris, Christophe Marchand wa Bruxelles. Kuna sababu rahisi ambayo mtu anaweza kuikisia baada ya kusoma kesi ya jeans. Kampuni yenye ukubwa wa Apple inalipa mawakili katika inchi nyingi, na kabine kubwa iliyo huru kabisa kuishtaki ni ngumu kupatikana. Wengine hawawezi kuipinga kwa sababu ni mteja. Wengine hawataki, kwa sababu wanatumaini siku moja itakuwa mteja.

Miungano haijasimama. Mwezi wa tano 2024, Allen & Overy ya London na Shearman & Sterling ya New York ziliungana na kuwa A&O Shearman, zenye mawakili karibu 4,000, safari hii kwa sanduku moja la faida. Dentons, bila Dacheng na bila Moscow, ingali moja ya kabine kubwa zaidi. Na katika baro za Goma na Bukavu, mazungumzo juu ya ushirika kati ya kabine mbili bado yanakwama mahali palepale yalipokwama London zamani: jina la nani litatangulia kwenye kibao.